Mtenda Asiyetajwa: Kauli ya Kutendwa na Uwepo wa Mungu katika Kiswahili cha Nairobi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wanapotaka kuzungumzia habari za Mungu hukimbilia majina. Huhesabu ni mara ngapi Mola, Rabi, Jalali au Manani ametajwa katika utenzi. Huonyesha jinsi mtunzi alivyofungua kazi yake kwa jina la Mungu na kuifunga kwa dua. Kisha husema kwamba mtunzi huyo ni mcha Mungu, na uhakiki ukawa umekwisha. Njia hiyo ina manufaa yake katika tenzi za pwani, ambazo dibaji zake ni kanuni ya sanaa kama zilivyo kanuni ya ibada. Lakini mtu akiichukua njia hiyo akaingia nayo mjini Nairobi atapotea, kwa sababu Nairobi jina la Mungu limetapakaa. Limepakwa rangi kwenye vioo vya matatu, limeandikwa juu ya milango ya vinyozi na vibanda vya mboga, na kila siku ya kazi saa za chakula cha mchana hupazwa na wahubiri wa bustani ya Jeevanjee, mmoja akishindana na mwenzake aliye hatua ishirini tu kutoka aliposimama. Mahali ambapo jina limeenea kiasi hicho, kulihesabu hakutuelezi lolote.

Makala haya yanajaribu njia nyingine. Yanadai kwamba katika Kiswahili kinachosemwa katikati ya jiji la Nairobi na katika vitongoji vyake vya magharibi, yaani Westlands, Kangemi, Uthiru, Kawangware na Dagoretti, mahali pa kumtafuta Mungu si kwenye jina bali kwenye kitenzi, na hasa kwenye kiambishi kidogo mno, -w-, kiletacho kauli ya kutendwa. Dai hili si la sarufi tupu. Kiambishi hicho hicho ndicho wanachokitumia watu wanaotaka matendo yao yasijulikane, na mhakiki asiyeweza kuzitenganisha namna hizi mbili za kunyamaza atajikuta anaziita dhuluma za watu kuwa kazi za Mungu.

Tuanze na maneno yenyewe. Msikilizaji akipanda gari nambari 23 liendalo Uthiru kwa njia ya Westlands na Kangemi, hatakawia kuyasikia. Wawili wanaagana kituoni: "Tukijaliwa, tutaonana kesho." Mama anatoa habari za binti yake: "Amejaliwa mtoto wa kiume." Mwingine amepata kazi baada ya kuhangaika muda mrefu: "Nimefunguliwa njia." Mzee anaulizwa hali, naye hajibu kuwa ni mzima, hujibu: "Tumehifadhiwa." Aliyeponea ajali barabara ya Waiyaki husema, "Nimeongezwa siku." Katika mifano yote hii hakuna aliyemtaja Mungu. Kiima cha sentensi ni binadamu mwenyewe, anayepokea, mtenda hayumo. Hata hivyo hakuna msikilizaji hata mmoja katika gari hilo, awe Mkristo wa Kangemi au Mwislamu atokaye kusali Msikiti wa Jamia, atakayeuliza njia ilifunguliwa na nani au siku ziliongezwa na nani. Mtenda anajulikana kwa kutotajwa kwake.

Hapa sarufi ya Kiswahili inatusaidia kwa namna ambayo lugha nyingine nyingi haziwezi. Kiswahili kina kauli mbili ambazo mgeni huzichanganya: kutendwa na kutendeka. Ashton, katika sarufi yake ya mwaka 1944, alikwisha kueleza tofauti yake: kauli ya kutendeka huonyesha hali tu, bila kumfikiria mtenda, ilhali kauli ya kutendwa hudokeza kwamba yupo aliyetenda, hata kama hakutajwa. Kikombe kikivunjika, kimevunjika tu. Kikivunjwa, kuna mkono. Kwa hiyo msemaji wa Kiswahili anayetaka kusimulia jambo jema lililompata bila kumfikiria mtenda yeyote ana njia iliyo wazi. Angeweza kusema njia "imefunguka". Nairobi husema hivyo pia, tena mara nyingi, kwa habari za biashara na bahati nasibu. Lakini anaposema "nimefunguliwa", ameacha alama ya mkono ndani ya neno. Herufi moja imebeba ungamo zima la imani, na msemaji wala hajainua sauti.

Tofauti hii inatupeleka kwenye jambo linalostaajabisha. Neno lenye kishindo kuliko yote katika dini ya bara la Kenya ni "nimeokoka". Lilienea pamoja na ule uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, na kuingia Kenya katika miaka ya 1930, na hadi leo ndilo neno linalomgawa mtu na jirani yake: fulani ameokoka, fulani bado. Tukilitazama kwa jicho la sarufi, neno hilo liko katika kauli ya kutendeka. Halina mkono. Aliyeokoka amesimulia hali yake mwenyewe, na kama anataka kutuambia nani alimwokoa inambidi aongeze sentensi nyingine, kama kweli mashahidi wa makanisani wanavyoongeza. Sisemi kwamba waliookoka hawamjui aliyewaokoa. Sarufi si kipimo cha moyo wa mtu. Ninasema kwamba neno linalopazwa sana lina nafasi ndogo ya Mungu kuliko neno linalotamkwa kwa sauti ya chini na mama anayefunga mboga kwenye gazeti huko Kawangware. Wanafunzi wetu wa fasihi simulizi wamekwisha kutuletea shuhuda nyingi za waliookoka. Ni wachache waliowahi kumsikiliza mama huyo.

Kitenzi "kujaliwa" chenyewe kinastahili aya yake. Asili yake ni jaalia, kutoka Kiarabu, na katika matumizi ya pwani mtenda wake ni Mungu tu: binadamu hamjaalii binadamu mwenzake. Mtu wa Lamu au wa Mombasa aliyefundwa lugha husema "kujaaliwa", akizivuta irabu mbili. Nairobi irabu moja imeanguka. Kwa kuanguka huko, neno limekutana na kitenzi kingine kabisa, kujali, ambacho pia hutoa "kujaliwa", kwa maana ya kutunzwa au kuangaliwa. Walimu wa pwani huliona jambo hili kuwa moja katika makosa mia ya watu wa bara, nao wana haki ya kulalamika kama walinzi wa lugha. Lakini mhakiki hana budi kutazama kilichotokea. Mtu wa Kangemi anaposema "nimejaliwa mtoto", masikioni mwake kupewa na kutunzwa vimekuwa neno moja. Aliyempa ndiye anayemjali. Sidhani kwamba mtunzi yeyote wa pwani, pamoja na hazina yake yote ya maneno, alipata kufanya muungano wa maana ulio bora kuliko huu uliofanywa na uvivu wa ulimi katika magari ya abiria. (Ni kweli vilevile kwamba vijana wa mjini hutumia "amejaliwa" kwa habari za umbo la mwanamke. Hata hapo, sarufi haikumwondoa mtenda. Vijana hao wanamsifu Muumba bila kujua, na pengine bila kutaka.)

Pingamizi la kwanza linajulikana. Msomi atasema kwamba maneno haya ni mazoea matupu. Malinowski, mwaka 1923, alitufundisha kwamba sehemu kubwa ya mazungumzo ya watu haikusudiwi kupasha habari bali kuwashikanisha wanaozungumza. "Tukijaliwa" ya kituo cha basi basi haina Mungu ndani yake zaidi ya vile "habari yako" isivyotafuta habari. Pingamizi hili lina nguvu, ila linachukulia kwamba jambo likizoeleka limekufa. Kuna jaribio dogo ambalo kila mtafiti anaweza kulifanya. Mtu akikwambia "nimejaliwa", muulize: na nani? Atakutazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza upande gani, kisha atakujibu, "Na Mungu, na nani mwingine?" Jibu lilikuwapo wakati wote. Halikuwa limesahauliwa, lilikuwa limekaa ndani ya neno kama moto unavyokaa jivuni. Maneno yaliyokufa hayajibu yakiulizwa. Msomaji aliuweke akilini jaribio hili la "na nani?", maana tutalihitaji tena.

Wala Kiswahili hakiko peke yake. Wanazuoni wa Agano Jipya, na miongoni mwao Joachim Jeremias katika kitabu chake cha mwaka 1971, wameeleza kwa kirefu jinsi vitenzi vya kutendwa visivyo na mtenda vilivyo vingi katika maneno ya Yesu, na kwamba mtenda anayefichwa ni Mungu, kwa sababu ya heshima ya Wayahudi kwa jina lake. Mjini Nairobi sababu si ile ile. Hapa hakuna mwiko wa jina. Jina limo hata kwenye matairi. Ninashawishika kuamini kwamba ni kinyume chake: jina limetumika mno hadi limepungua thamani, na watu wanaotaka kusema jambo la kweli juu ya Mungu wamehamia kwenye kitenzi, ambako wahubiri na wachoraji wa magari hawajafika.

Katika nchi zetu mjadala mkubwa juu ya Mungu na lugha uliendeshwa na John Mbiti na Okot p'Bitek. Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1970 juu ya dhana za Mungu katika Afrika, alikusanya majina na sifa kutoka karibu makabila 300. Okot, ambaye kitabu chake kilitolewa Nairobi na ambaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970, alimshutumu yeye na wamishonari waliomtangulia kwa kuwavika miungu wa Kiafrika mavazi ya Kiyunani. Mengi yameandikwa kuhusu ugomvi huo, na sitayarudia. Ninalotaka kuonyesha ni kwamba katika kisa chake mashuhuri kuliko vyote Okot alikaribia sana jambo tunalolishughulikia hapa. Ni kile kisa cha mapadri wa Kiitaliano waliowauliza wazee wa Kiacholi mwaka 1911 ni nani aliyewaumba. Wazee hawakuwa na kitenzi cha kuumba kwa maana ile, na swali likageuzwa kuwa ni nani aliyewafinyanga. Ndipo wakakumbuka kwamba yuko Lubanga, anayewafinyanga watu migongo ikawa na nundu, na mapadri wakaondoka na jina la ugonjwa wakidhani wamepata jina la Mungu. Okot alikisimulia kisa hiki ili kuwacheka mapadri, na wanastahili kuchekwa. Lakini funzo la kisa liko kwenye kitenzi: walitafuta jina pale ambapo iliwapasa kwanza kusikiliza watu wanatenda nini na wanatendwa nini. Kiswahili, kwa bahati, kilikuwa na "kuumba", ambalo pia kwa asili ni neno la mfinyanzi.

Sasa tuiangalie riwaya, kwa sababu dai kuhusu lugha ya watu lisilopita katika fasihi halijapimwa. Nimechagua kwa makusudi kitabu ambacho hakuna atakayekishuku kwa ulokole: Shetani Msalabani cha Ngũgĩ wa Thiong'o, kilichoandikwa kwa Kigĩkũyũ juu ya karatasi za msalani katika gereza la Kamiti mwaka 1978, kikachapishwa mwaka 1980, na kutolewa kwa Kiswahili mwaka 1982. Mhakiki wa majina atamaliza kazi yake hapa kwa dakika tano. Jina lililo kwenye jalada ni la Shetani, makanisa yanachekwa, Mungu anajadiliwa zaidi kuliko anavyoombwa. Basi, atasema, hiki ni kitabu kisicho na Mungu.

Yafaa tukisome tena. Wariinga amefukuzwa kazi mjini Nairobi kwa kumkataa mkubwa wake wa kazi, mpenzi wake amemwacha, mwenye nyumba amemtoa nje. Tazama vitenzi ambavyo msomaji hulazimika kuvitumia anapoyasimulia maisha yake: alifukuzwa, aliachwa, alitolewa. Ni mtu aliyetendwa na jiji. Kisha, anapokaribia kujitupa, mkono wa mtu asiyemjua unamshika, na mkoba aliokuwa ameuangusha anarudishiwa. Baadaye anapanda matatu ya Mwaura, iliyochakaa na yenye makeke, kuelekea Ilmorog. Ndani yake yumo Wangarĩ, mwanamke aliyepigania uhuru wa nchi na ambaye sasa hana hata nauli. Mwaura yu tayari kumshusha gizani. Abiria wenzake, ambao hawamjui, wanamchangia.

Kwa maoni yangu hicho ndicho kiini cha kitabu chote, ingawa wahakiki wengi huruka juu yake wakikimbilia karamu ya wezi pangoni. Ngũgĩ hakusema kwamba Mungu alikuwamo garini. Alifanya zaidi: aliwapa abiria tendo dogo, la shilingi chache, kisha akaliacha. Na mara baada ya hapo, kwa bahati mbaya, akawatia katika mazungumzo marefu kuhusu moyo wa binadamu, Mungu na Shetani, na gari likageuka ukumbi wa mihadhara. Mazungumzo hayo yana akili nyingi, na mwanafunzi atayanukuu katika mtihani, lakini ni mapungufu ya kisanaa. Tendo lilikuwa limekwisha kusema. Mama aliyehurumiwa hahitaji kuelezwa maana ya huruma.

Na karamu ya wezi yenyewe huonekana katika nuru mpya tukiitazama kwa upande wa kauli. Kila mshindani anatakiwa kusimama, kutaja jina lake na makazi yake, mali yake na wanawake wake, kisha aeleze alivyoingia katika wizi na unyang'anyi na alivyofaulu. Mbiu hiyo ina umbo la ushuhuda wa kanisani, na wahakiki wameliona hilo. Ambalo halikuonwa ni kwamba Ngũgĩ amewalazimisha matajiri wa Kenya kuzungumza katika kauli ya kutenda. Mitaani watu hawa hawasemi "niliiba". Husema "nimebarikiwa". Husema "nimejaliwa mashamba mawili matatu". Husimama mbele ya kanisa siku ya harambee, wakatoa mchango ulio mkubwa, na kueleza kwamba wao si kitu, wamejaliwa tu. Pangoni mwa Ilmorog pazia la kutendwa linang'olewa, na kila mmoja analazimika kuwa kiima cha kitenzi chake mwenyewe. Kicheko cha sura zile kinatokana na hilo. Katika kitabu kizima, basi, maskini wanapokea kwa kauli ya kutendwa na wezi wanakiri kwa kauli ya kutenda. Na mpangilio huu, nionavyo, ni tafsiri ya kidini iliyo makini kuliko hotuba yoyote iliyomo.

Hapa tumefika kwenye sehemu ngumu. Kama -w- ni makao ya Mungu, ni makao ya wengine pia. Mbunge J. M. Kariuki alionekana hai kwa mara ya mwisho katika hoteli ya Hilton, katikati ya Nairobi, tarehe 2 Machi 1975, na maiti yake ikapatikana upande wa magharibi, katika milima ya Ngong. Aliuawa. Kitenzi hiki kinadai mtenda kwa nguvu kuliko kitenzi chochote, na Bunge likaunda kamati teule ili mtenda huyo atajwe. Taarifa ya kamati ilipowasilishwa Juni mwaka huo, majina mawili yalikuwa yameondolewa. Mhadhiri anayetafuta mfano wa mtenda kufutwa katika sentensi hana haja ya kuutunga. Mtu aliyesimama matangani katika mwezi huo na kusema "ametwaliwa" au "ameitwa" alitumia maneno mazuri ya faraja, yale yale yanayotumika kwa bibi aliyekufa usingizini kwake Dagoretti akiwa na miaka tisini. Lakini kwa kuyatumia hapo alimkabidhi Mungu kazi ya wauaji.

Mifano haikukoma hapo. Mei 1990 vibanda vya Muoroto, karibu na kituo cha mabasi yaendayo mashambani, "vilibomolewa". Januari 2015 watoto wa shule ya msingi ya Lang'ata Road walikuta uwanja wao wa michezo "umenyakuliwa" na kuzungushiwa ukuta, na walipoandamana wakarushiwa gesi ya kutoa machozi. Lugha ya ofisi na ya magazeti inaupenda mno mtindo huu. Papa Fransisko alipofika Kangemi tarehe 27 Novemba mwaka huo huo, katika parokia ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, aliwazungumzia wanyakuzi wa ardhi kuwa ni watu wasio na sura, wanaofikia hata kutamani viwanja vya shule za watoto. Sijui kama mwandishi yeyote wa sarufi angeweza kueleza vizuri zaidi hali ya kitenzi kilichonyang'anywa mtenda wake.

Tutatofautishaje basi? Hapa ndipo jaribio la "na nani?" linapopata kazi yake halisi. Nimejaliwa, na nani? Na Mungu. Jibu linakuja kwa urahisi, hata kwa furaha, na aliyeuliza hapati madhara. Uwanja umenyakuliwa, na nani? Hapo sauti hushuka, macho hutazama huku na huku, na mwulizaji huambiwa aache maneno. Kimya cha kwanza kiko wazi kwa swali. Kimya cha pili kinalindwa na askari. Mtu anayeamini kweli kwamba Mungu yu kimya katika mambo ya kila siku hana sababu ya kuogopa kuulizwa, na kwa hiyo ana sababu zaidi kuliko wengine ya kuuliza kuhusu ule uwanja. Ndiyo maana sikubaliani na wenzetu wanaoona katika maneno kama "tumejaliwa" kasumba tu, dawa ya kuwalaza wanyonge. Maneno hayo yanaweza kutumiwa hivyo, na hutumiwa. Lakini mnyonge mwenyewe ana sikio la kutofautisha. Mwambie mama wa Kawangware kwamba kibanda chake kimebomolewa kwa mapenzi ya Mungu, uone kama atakubali. Atakutajia jina la mtu, na la baba yake, na nambari ya gari lililowaleta.

Methali ya waswahili isemayo kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga huwekwa kwenye kanga na watu wakaiona kuwa kauli ya kukata tamaa. Ninaiona kuwa mfano mwingine wa nafasi iliyoachwa wazi: imemnyima mwenye kupata sifa yake na kumwondolea mwenye kukosa lawama yake, bila kusema ni nani basi anayegawa. Mtu aliyepata mali kwa njia ya Ilmorog angependa sana nusu ya kwanza, lakini nusu ya pili itamkaba.

Limebaki tendo la namna ya tatu, ambalo haliko upande wa Mungu peke yake wala upande wa mnyakuzi, nalo linaturudisha garini. Makanga anapopita akikusanya nauli katika gari la Kawangware, hutokea akamwambia abiria anayehangaika kupekua mkoba wake: "Mama, umelipiwa." Ni neno la kawaida. Katika kitenzi kimoja yumo aliyepokea na limo tendo, na mtenda hayumo. Mama akiuliza na nani, mara nyingine makanga huonyesha kwa kidevu mtu aliyegeukia dirishani kana kwamba hajasikia. Mara nyingine aliyelipa amekwisha kushuka Yaya au Valley Arcade. Hapa swali la "na nani?" halikatazwi na askari, wala jibu lake si Mungu moja kwa moja. Linakwepwa na mtenda mwenyewe, kwa hiari. Injili ya Mathayo na Hadithi za Mtume zote zinamsifu atoaye kwa siri hata mkono wake wa kushoto usijue ulichotoa wa kulia, na makubaliano hayo ya dini mbili yanapata sarufi yake katika neno hili la makanga. Binadamu ameazima kauli ya Mungu kwa muda wa safari moja.

Neno hilo lina adui mpya. Tangu mwaka 2007 fedha nyingi nchini Kenya hutumwa kwa simu, na nauli pia hulipwa hivyo. Ujumbe unaoletwa kwa mpokeaji una kiasi, tarehe, saa, na jina la aliyetuma. Hakuna nafasi ya kuliacha. Ni faida kubwa kwa hesabu, na kama wanyakuzi wa viwanja wangelazimishwa kutumia mtambo wenye tabia hiyo tungeshukuru. Lakini anayetaka kumlipia mwenzake bila kujulikana inambidi bado atoe sarafu mkononi, amnong'oneze makanga, na kugeukia dirishani.